Ukuta wa Buluu

Mwalimu wa Kiingereza aliueleza ule msemo kwa mara ya tatu, na Mstari akaweka mikono kiunoni. Ukimwona Mstari kaweka mikono kiunoni, ujue subira imekwisha na adabu nayo inajiandaa kuondoka.

"Waingereza wakikutwa na jambo ambalo hawakulitegemea," mwalimu alisema, "husema limetoka kwenye buluu. Ile buluu ya angani. Sisi tungesema ghafla bin vuu."

"Mwalimu, maana nimeielewa tangu ulipoanza. Ninachouliza ni kimoja tu. Linachorwaje?"

Mwalimu alikuna kidevu. Alikuwa kijana mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, na misemo ya Kiingereza aliipenda kama wenzake walivyopenda mpira. "Hapo sasa, fundi," alisema, "ndipo ninapoishia mimi na unapoanzia wewe."

Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa shule, mbele ya ukuta wa stoo. Ulikuwa ukuta mpana, wenye lipu iliyoanza kumeguka kwa chini na mlango mmoja wa mbao ambao hakuna aliyeujali. Kila Ijumaa asubuhi shule nzima hukusanyika mbele yake kusikiliza matangazo.

Mwalimu mkuu, mama mmoja ambaye hakununua hata sindano bila kuitazama kwenye mwanga, alitaka kuta zote za shule zijae misemo ya Kiingereza, kila msemo na picha yake, ili mtoto aelewe kwa kutazama kabla hajaelewa kwa kusoma. Watu wawili waliitaka kazi hiyo. Mmoja alikuwa Mstari, mchora mabango. Mwingine alikuwa jamaa wa mashine, mwenye duka la kuchapisha mabango ya plastiki pale njia panda: unampelekea maneno asubuhi, jioni unatundika. Mwaka ukipita bango limepauka na linapepea ovyo, lakini mwaka ukipita jamaa ameshakula na kushiba, hana habari na wewe.

Mwalimu mkuu akakata shauri. Fundi apewe ukuta mmoja na msemo mmoja. Ijumaa watoto wautazame. Wakielewa bila kuelezwa, kuta zote ni zake. Wasipoelewa, kazi inakwenda kwenye mashine. Mwalimu wa Kiingereza akaachiwa achague msemo, naye, bila ubaya wowote, akachagua ule anaoupenda kuliko yote.

Kwa Mstari, kuta zile maana yake ilikuwa karakana. Karakana yenyewe ni chumba kimoja tu, rafu ya makopo ya rangi, na ngazi mbili zilizoegemezwa kwenye kona. Baba yake aliifungua kabla yeye hajazaliwa. Enzi zake, ukitembea mtaa ule kutoka kwa fundi viatu mpaka kwa muuza magodoro, kila neno ulilolisoma juu ya mlango lilikuwa la mkono wake. Sasa mwenye nyumba alikuwa ameshamleta mtu wa saluni kuja kupima pa kuweka vioo. Mwisho wa mwezi Mstari ama awe na kazi ya kumwonyesha, ama arudishe ufunguo.

"Kurudisha sirudishi," alijisemea, akachukua chaki yake akaenda kukaa chini ya ukuta, afikiri.

Jina lake la cheti hata shangazi yake alilisahau. Alianza kuitwa Mstari akiwa na miaka tisa, siku alipovuta mstari wa chaki kwenye ukuta mrefu wa gereji bila rula wala uzi. Baba yake, ambaye kumsikia akisifu mtu ilikuwa nadra kama meno ya kuku, aliusogelea, akaufumbia jicho moja, akakohoa, akasema, "Si mbaya." Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Sasa alikuwa amevuka arobaini, ana mkono usiotetemeka na mdomo usiotulia, na huo mkono ndio uliokuwa ukiuokoa mdomo.

Alichora kwanza kwenye maboksi, na mwalimu akayapeleka darasani kuyajaribu. Boksi la kwanza lilikuwa na anga safi, na radi inamshukia mwanamke anayeanika nguo.

"Mvua inakuja!" darasa likapiga kelele.

"Haiji," mwalimu aliwaambia. "Tazameni vizuri. Hakuna hata wingu."

"Basi fundi amesahau kuchora wingu," alisema msichana mmoja wa dawati la mbele, kwa sauti ya kumwonea fundi huruma.

Boksi la pili lilikuwa na mbuzi anayeanguka kutoka angani katikati ya meza ya chakula. Watoto walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa na habari za yule mbuzi. Wengine walisema ameiba, wengine wakasema ana mabawa ila yamekunjwa, na wote wakataka fundi awachoree mwingine. Msemo hakuna aliyeukumbuka. Boksi la tatu lilikuwa na mtu aliyeachama, macho yamemtoka pima, mikono kichwani.

"Anaumwa jino!" darasa zima likajibu kwa sauti moja.

Mstari, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliyachukua maboksi yake akayapasua. Jamaa wa mashine alikuwa amekuja siku hiyo na vipande vyake vya mfano, vimeviringishwa kwapani, akasimama kumtazama. "Fundi, nikusaidie? Nina picha elfu moja za radi kwenye kompyuta."

"Zitunze," Mstari alimjibu. "Ukizeeka utakuwa na cha kutazama."

Lakini moyoni alikuwa ameumia, na hakuwa na sababu ya kujidanganya. Alimfuata mwalimu kwenye benchi la nje akamwambia wazi. "Kitu kisichotegemewa, ukishakichora, kinategemewa. Mtoto akiinua macho anakiona pale kimekaa, kinamsubiri. Atashtuka nini? Sasa niambie, huu msemo hutumika lini hasa? Kwa kila jambo la ghafla?"

"Hapana." Mwalimu alichangamka, maana hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mvua iliyotanguliwa na mawingu, hata ikulowanishe vipi, haijatoka kwenye buluu. Mtu akikohoa mwezi mzima halafu akalazwa, huwezi kuusema. Ni lazima anga liwe safi. Ni lazima uwe ulitazama, na hakukuwa na cha kuona."

Mstari aliweka chaki chini. Na kwa Mstari, kuweka chaki chini halikuwa jambo dogo.

Mwaka uliotangulia, baba yake alipanda ngazi mbele ya duka la dawa. Alikuwa mzima wa afya. Alikunywa chai yake, akamsimanga Mstari kwa kulegeza uzi wa chaki, kisha akapanda huku akiimba wimbo ambao maneno yake aliyaharibu miaka yote. Akaandika DUKA LA. Akaandika DA. Akaweka mguu wa kwanza wa W, brashi ikamponyoka, na kabla Mstari hajainama kuiokota, baba naye akawa anaifuata. Mstari alimdaka kwa bega, wakaenda chini wote wawili. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na ulimi uliporudi, mwenyewe hakutaka kuutumia. Mwenye duka alikataa kuletewa bango la plastiki. Alisema atamsubiri mwenye mkono wake. Mpaka leo linasomeka DUKA LA DA, na mwenye duka, baba mzima mwenye ndevu, mtaa wote unamwita Da.

Tangu siku hiyo Mstari alikuwa akiitafuta dalili. Akichanganya rangi, akisafisha brashi, aliipitia asubuhi ile upya tangu kwenye chai. Kikombe alikishika kwa mkono gani? Wimbo aliukosea kuliko kawaida? Alikuwa na hakika kwamba wingu lilikuwepo, na kwamba yeye, mwenye macho yanayoona mstari ukipinda kiasi cha unywele, hakulitazama.

"Hata kama mtu alikuwa anatazama?" aliuliza.

"Hasa kama alikuwa anatazama," mwalimu alisema. "Ndiyo maana ya buluu."

Mstari aligeuza uso akajifanya chaki imemwingia jichoni. Mwalimu hakujua amegusa nini, akaendelea na somo lake. "Na kuna kitu watu husahau. Msemo huu si wa mabaya tu. Rafiki aliyekupotea miaka, siku huna hili wala lile, anabisha hodi. Huyo naye ametoka kwenye buluu."

"Hiyo sijaiona," Mstari alisema.

"Bado hujaiona," mwalimu alimsahihisha, kama anavyosahihisha madaftari.

Kesho yake Mstari alirudi na rangi. Picha hakuwa nayo kichwani, lakini alijua anga litahitajika kwa vyovyote, na mkono ukianza kazi kichwa huona aibu kikafuata. Aliziba lipu, akasugua ukuta, akaanza kupaka buluu kuanzia kulia. Alifika karibu na ule mlango wa mbao akiwa amezama kabisa, anapiga mluzi, na mlango ukafunguka puu! usoni pake. Akatoka mlinzi wa shule na ufagio wake. Kopo lilikwenda upande wake, brashi upande wake, na Mstari akajikuta amekaa kitako kwenye vumbi.

"Pole, fundi! Nimepitia mlango wa nyuma kuchukua ufagio. Nilidhani umeniona."

"Ningekuonaje? Umetoka..." Mstari alikwama na neno mdomoni. Alimtazama mlinzi, akautazama mlango, akautazama ukuta mzima. Halafu akaanza kucheka peke yake, rangi inamchuruzika kwenye sketi, na mlinzi akarudi hatua moja nyuma kwa usalama wake.

Haikuwa lazima kichorwe kitu. Ukuta ungekuwa buluu tupu, anga safi kuanzia kona hadi kona, na mlango ndani yake usionekane. Watoto watautazama, hawataona chochote, watachoka. Hapo ndipo mtu atoke.

Mwalimu alipoambiwa alishika kichwa kwa furaha. Mlinzi alipoambiwa kwamba ndiye atakayetoka, alivuta shati akauliza avae kofia ama asivae. Mwalimu mkuu hakuambiwa. Ndiye wa kwanza aliyepaswa kushtuka.

Mstari aliufanyia mlango ule kazi kama anamficha mtoto. Aling'oa kitasa cha nje. Alipaka bawaba, misumari na ukingo wa fremu. Rangi aliyoitumia ilikuwa ya mafuta, ing'ae kama anga lililooshwa. Baada ya mkono wa kwanza wa rangi alimwita mlinzi ausukume kutoka ndani, ukafunguka vizuri. Baada ya mkono wa pili pia. Alhamisi mchana mlinzi alisimama katikati ya uwanja, akazungusha macho huku na huko.

"Fundi, naapa, mimi huingia humo kila siku na sijui mlango uko wapi!"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukweli ni kwamba ukisimama pembeni kabisa, jua likiwa limelala, upenyo kati ya mlango na fremu ulionekana bado, mwembamba kama uzi. Mstari alisimama pembeni akauona. Hakuna mtoto ambaye angeuona, lakini yeye aliuona, na hilo lilitosha kumnyima raha. Akarudi na brashi iliyoloa vizuri, akapiga mkono wa tatu juu ya ule upenyo mpaka ukamezwa. Kisha akakusanya vyombo vyake akaenda nyumbani, ametulia kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Nyumbani baba alikuwa kwenye kiti chake, kimegeuzwa kuelekea ukutani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa tangu alipotoka hospitali. Daktari alisema atembee. Miguu ilikubali, kwa kuburuta huo mmoja, ila mwenyewe hakukanyaga nje ya mlango. Shangazi, dada yake mkubwa, aliyehamia pale kumtunza, alikuwa amejaribu kubembeleza, akajaribu kufoka, na sasa alikuwa amebaki na kuguna.

Mstari alivuta kigoda akakaa karibu na goti la baba. Alimweleza yote, tangu msemo mpaka mbuzi mpaka mlango. Baba hakugeuka.

"Baba, kesho nataka wewe ndiye utoke mle."

Baba aliendelea kuutazama ukuta.

"Mjibu basi," shangazi alisema. "Mtoto anakusemesha wewe, si hiyo lipu."

"Nikaonyeshwe watoto," baba alisema mwishowe, sauti yake nzito upande mmoja. "Kama nini?"

"Kama fundi."

"Fundi ana mkono."

Mstari alitamani kumjibu kwa ukali, maana ukali ndio lugha waliyoelewana maisha yote, lakini ukali haukuja. "Sawa," alisema. "Nitamtumia mlinzi. Ila sikufichi, baba. Ningependa uwe wewe. Ninakukosa pale kazini, hata matusi yako ninayakosa."

Aliinuka kwenda kunawa rangi. Alikuwa ameshafika mlangoni baba aliposema, bado anautazama ukuta, "Rangi gani?"

"Buluu."

"Sijakuuliza buluu. Ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta."

"Mikono mingapi?"

"Mitatu."

Baba aliguna. Mstari alijua ile ni dharau, lakini alilala nayo kwa furaha. Kwa muda mrefu hakuwa ameulizwa swali la kazi na mtu anayejua kuuliza.

Ijumaa asubuhi shule nzima ilijipanga uwanjani, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mwalimu mkuu alisimama kando. Jamaa wa mashine naye alikuja, kanadhifika, bango lake limeviringishwa kwapani tayari kwa kufunguliwa. Na mbele yao wote ulisimama ule ukuta, buluu tupu, unang'aa.

"Leo," mwalimu wa Kiingereza alianza kwa sauti ya kulalisha watu, kama walivyopatana, "tutazungumza kuhusu usafi wa kucha."

Alizungumza kuhusu kucha za mikono. Akazungumza kuhusu kucha za miguu. Watoto walianza kupiga miayo na kukanyagana. Alipoona wameiva, alipiga makofi mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Hakikutokea kitu.

Alipiga tena, kwa nguvu zaidi. Ndani ya ukuta kukasikika kishindo kidogo, pu. Kisha kingine.

"Kuna panya," mtoto mmoja alinong'ona.

Mstari alikitambua kile kishindo. Alielewa palepale, kabla ya kishindo cha tatu. Mkono wa mwisho, rangi nzito ya mafuta, mlango uliofungwa: rangi ilikuwa imeanza kukauka juu ya upenyo na kuugundisha mlango kwenye fremu yake. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mlango hupakwa ukiwa wazi, unaachwa wazi mpaka ukauke. Yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa kidole kwa mpini wa brashi akiwa mdogo kwa kosa hilohilo. Na hakuna ambaye angelirudia isipokuwa fundi anayetaka sana mlango wake usionekane.

Vishindo vilikoma. Mwalimu mkuu alisogea. "Mwalimu, picha iko wapi? Mimi naona ukuta wa buluu."

"Ni anga!" watoto wa mbele wakasema.

"Sawa, ni anga. Anga linafanya nini?"

Watoto walilitazama. "Halifanyi kitu," alijibu yule msichana wa dawati la mbele, na hakuwa na kosa.

Jamaa wa mashine akaanza kufungua kamba ya bango lake. Mstari akatoka safu ya mbele, ngumi zimekunjwa, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta.

"Mama, naomba unisubiri."

"Fundi, tulikubaliana."

"Tulikubaliana Ijumaa. Ijumaa haijaisha."

Aliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili mbele ya shule nzima. Alitafuta kitasa, akakumbuka amekiacha karakana. Alitafuta upenyo kwa kucha, hizohizo kucha walizokuwa wakihubiriwa, na upenyo hakuupata. Alikuwa ameuficha vizuri mno hata yeye mwenyewe. Nyuma yake watoto walianza kucheka, na kile kicheko kilimchoma, lakini hakuondoa mikono. Alisema moyoni kwamba kama itabidi aubomoe ukuta kwa meno, ataubomoa.

Hapo, sentimita chache kutoka kwenye kidole chake, buluu ikatoboka.

Kilitokeza chuma kidogo, bapa, kilichomeguka pembe moja. Mstari alirudi nyuma. Kilirudi ndani, kikatokeza tena juu kidogo, kikaanza kushuka polepole, na nyuma yake kikaacha mstari mweusi, mwembamba. Watoto wakanyamaza. Mtu alikuwa anachora angani, kutokea upande wa pili. Mchoro ule ulishuka mpaka chini, ukakoma, ukaanza upya juu, ukakata kwenda upande, ukashuka tena. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika shanga za shingoni mwake.

Mstari alikuwa haoni tena watoto wala mwalimu mkuu. Alikijua kile kisu cha puti, cha kuzibia nyufa. Pembe yake ilimeguka kabla hajaanza shule, na tangu mwaka jana kilikuwa kimening'inia nyumbani, kwenye msumari juu ya kiti cha baba.

Mlango ukafunguka, na baba akatoka kwenye buluu.

Alisimama pale kwenye jua, vifungo vya shati vimepishana, mguu wa kulia nyuma kidogo, kisu mkono wa kushoto. Shule nzima ilipiga yowe. Safu ya mbele iliiangukia ya pili, ya pili ikaiangukia ya tatu. Mwalimu mkuu alimrukia jamaa wa mashine mkononi, bango likamponyoka, likajifungua lenyewe uwanjani kote. Kisha yowe likageuka kicheko, kile cha mtu aliyeogopa akagundua yuko salama, kikaendelea mpaka mwalimu wa Kiingereza akalazimika kuinua mikono.

"Mlimtegemea?"

"Hapanaaa!"

"Mliona dalili yoyote?"

"Hapanaaa!"

"Basi ametoka wapi?"

"Kwenye buluu!" alipiga kelele msichana wa dawati la mbele, na shule yote ikampokea.

"Fundi," mwalimu mkuu alisema, kiganja kifuani, "nusura unizike. Kuta zote ni zako. Ila huo mlango, kuanzia leo, mtu akitaka kutoka apige hodi."

Mstari alisikia kwa mbali. Baba alikuwa amewapa watoto wote kisogo. Alipitisha dole gumba la kushoto kwenye ukingo wa mlango, akalitazama, akamwonyesha binti yake. Lilikuwa na buluu mbichi.

"Mlango hupakwa ukiwa wazi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilikufundisha lini?"

"Zamani, baba." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana viganja vilikuwa vimejaa rangi.

"Mikono mitatu ya mafuta," baba alisema kwa uchungu wa kweli. "Jana nimekaa nikajua kabisa haufunguki. Kabisa."

"Hajalala, asije akakudanganya," sauti ya shangazi ilitokea gizani ndani ya stoo, inahema. "Alfajiri ananiamsha nimletee kisu! Njia nzima ananisukuma niharakishe, yeye na huo mguu wake, mimi na magoti yangu. Tumekuta mlinzi amekaa juu ya gunia anaomba dua."

Mstari alicheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amesimama karibu naye, suruali yake nzuri imejaa vumbi la watoto. "Mwalimu," alimwambia, "ile nyingine, sasa nimeiona."

Baba hakuwa na habari nao. Alikuwa ameinua uso, amefumba jicho moja, anaupima ukuta kutoka kona hadi kona. Alikohoa.

"Si mbaya," alisema. Kisha, "Ngazi iko wapi?"

"Ya nini, baba?"

"Kwa Da. Ile W imesimama kwa mguu mmoja mwaka mzima."

"Baba, na mkono?"

"Mkono unao wewe," baba alisema, na akaanza kuburuta mguu kuelekea getini bila kumngoja mtu. "Mimi nitaimba."